Kijiko kwa Kijiko

Kumwigiza mlevi huonekana kazi rahisi, na ndiyo maana wengi huiharibu. Huanza kupepesuka tangu hatua ya kwanza, na baada ya dakika moja hawana tena la kuonyesha. Mwigizaji Lucille Ball hakuwa na pupa hiyo. Katika kipindi cha televisheni cha *I Love Lucy* kilichorushwa Mei 1952, Lucy, mhusika anayemwigiza, anapata kazi ya kutangaza dawa ya kuongeza nguvu, asijue kwamba imejaa pombe. Kila wakifanya mazoezi sharti anywe kijiko kimoja na kurudia maneno yale yale. Cha kwanza kinamkunja uso kwa ubaya wa ladha, huku midomo ikijilazimisha kutabasamu. Vinavyofuata vinamlainisha. Kisha jina refu la dawa linaanza kumvurugikia, silabi zinapishana, dawa inamwagika nje ya kijiko, na mwisho anaona kijiko kinamchelewesha, anapiga tarumbeta chupa nzima. Amelewa saa ngapi? Huwezi kusema. Ufundi wenyewe ndio huo, na sijaona aliyeufikia.

Haukuja kwa bahati. Alizaliwa Jamestown, jimbo la New York, mwaka 1911, na kwa miaka mingi Hollywood ilimpa filamu za bei nafuu. *I Love Lucy* ilipoanza Oktoba 1951 alikuwa na miaka 40. Kituo cha televisheni cha CBS kilitaka kipindi kiigizwe New York na kurushwa moja kwa moja. Yeye na mumewe, Desi Arnaz, mwanamuziki mzaliwa wa Kuba, walikataa kuhama Hollywood. Wakakubali kupunguziwa malipo, wakabaki na umiliki wa kipindi. Mpigapicha Karl Freund akapanga kamera 3 za filamu mbele ya watazamaji waliokaa vitini. Hapo Lucille akaweza kucheza onyesho zima kama jukwaani, akisubiri kicheko kishuke ndipo atamke neno linalofuata. Mama yake alikuwa akihudhuria, na kicheko chake kimo katika kanda hizo.

Mazoezini alikuwa mkali. Kifaa chochote cha kuigizia alikirudia mpaka mkono ukizoee. Upande wa biashara, mwaka 1962 alinunua hisa za Arnaz, ambaye walikuwa wameshaachana, akaiongoza kampuni yao ya Desilu, iliyotengeneza *Star Trek*. Kwa hilo pia alistahili heshima, ila mimi namsifu kwanza kwa uigizaji.

Mtazame kiwandani katika onyesho jingine la *I Love Lucy*, yeye na mwigizaji mwenzake Vivian Vance, wakifunga chokoleti zinazopita kwenye mkanda. Mwanzoni wanajiamini. Mkanda unapowashinda, chokoleti zinaingia mdomoni, kwenye kofia, kifuani mwa nguo, na mashavu yamewavimba huku macho yakijitahidi kuonyesha kwamba kila kitu ni shwari. Msimamizi anaingia, haoni hata moja iliyopita bila kufungwa, anawapongeza, kisha anaamuru mkanda uongezwe kasi.