Taa Nyuma ya Patasi

Johannes Michelsen, mkerezaji wa Vermont nchini Marekani, hutengeneza kofia za mti zinazovaliwa kichwani kama kofia nyingine yoyote. Gogo bichi hufungwa kwenye mashine ya kukereza, nalo hupunguzwa mpaka libaki ganda lenye unene wa takriban milimita 2 na nusu. Watu hustaajabia wepesi wake. Kwangu, ufundi mkubwa zaidi ni kujua pa kuisimamisha patasi, na hapo anayeamua ni taa.

Upande wa nje hukamilishwa kwanza. Kisha taa huelekezwa kwenye ukuta wa kofia kwa nje, mwanga wa karakana hupunguzwa, na fundi huanza kuchonga kwa ndani. Mti ukiwa bado mnene, haoni kitu. Ukizidi kupungua, wekundu mzito hujitokeza, hugeuka rangi ya chungwa, halafu manjano. Pete yenye giza ni mahali palipobaki unene. Pete inayong'aa kuliko jirani zake haihitaji kuguswa tena. Haya yote huonekana gogo likiwa linazunguka, wakati kalipa, kifaa cha kupimia unene, hudai mashine isimame kila mara.

Lakini taa haisomi unene peke yake. Mti umejaa vijirija vidogo. Ukikauka, hewa huvijaza, na mwanga hutawanyika kila unapovuka kutoka ukuta wa kijirija kuingia hewani. Maji yakiwamo, tofauti kati ya ukuta na kilichomo ndani hupungua, nao mwanga hupenya mbali zaidi. Ndivyo karatasi ya kufungia sambusa inavyoanza kupitisha mwanga ikishalowa mafuta. Kwa hiyo rangi anayoiona fundi ni hesabu ya mambo mawili: unene na unyevu.

Nadhani hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Sehemu iliyoanza kukauka huonekana ya giza, fundi hudhani bado ni nene, huongeza mkato mmoja, na ukuta hutoboka. Dawa yake ni kuunyunyizia mti maji kila mara, na kutumia taa ya LED badala ya balbu ya zamani ambayo joto lake huukausha mti ule ule unaopimwa. Vifundo na kiini cheusi navyo hudanganya, maana huzuia mwanga hata vikiwa vyembamba. Mpingo wetu, kwa weusi wake, haufai kabisa kwa njia hii. Miti myeupe ndiyo inayoitika.

Mzunguko nao huficha kosa. Gogo likihama kidogo kutoka kwenye kitovu chake, upande mmoja wa ukuta huwa mwembamba na wa pili mnene, ila jicho huchanganya pande zote mbili na kuona rangi moja. Mashine lazima izimwe na kofia izungushwe kwa mkono mbele ya taa. Hapo pia kalipa hupata kazi yake: hupima sehemu moja ya ukingo, na rangi ya sehemu hiyo huwa kipimo cha kulinganishia kwingine kote.

Kazi huanzia ukingoni, ikaingia ndani hatua kwa hatua, kila kipande kikimalizwa kabisa kabla ya kinachofuata. Ukingo mwembamba hauchelewi kupinda na kutetemeka, na patasi inayourudia huupasua.

Usawa wa unene wa ukuta una faida hata baada ya mashine kuzimwa. Mti husinyaa zaidi kwa kufuata pete zake za ukuaji kuliko kuelekea kwenye kiini, kwa hiyo duara hugeuka yai. Ukuta wenye unene tofauti hukauka kwa kasi tofauti, ukavutana na kupasuka. Ukuta uliolingana hukubali kupinda, na Michelsen huufunga kwa mipira ya kuvutika ukiwa bado mbichi ili ukaukie katika umbo la kichwa cha mtu.