Dakika Tatu za Kujibu

Wengi wanaokwenda kwenye klabu ya kuhutubia huenda kumwona msemaji. Mimi humsubiri anayesimama baada yake, yule aliyepewa kazi ya kuitathmini hotuba mbele ya watu wote. Hapo ndipo ninapouona ufundi wenyewe, na sijui mji unaoutunza kama Bujumbura.

Watu hukutana wakishatoka kazini, saa ile jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na joto la mchana linaanza kulegea. Viti vya plastiki, meza moja, chupa za maji. Wamo wahasibu, wanafunzi wa chuo kikuu, muuza vitenge kutoka mtaa wa Buyenzi, walimu. Mmoja atahutubia kwa Kifaransa alichosomea. Mwingine kwa Kiingereza, maana tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 kazi nyingi zinakidai. Mwingine kwa Kiswahili cha mitaa ya Buyenzi na Bwiza. Utani wote unapigwa kwa Kirundi. Aliyepangiwa kuhesabu vigugumizi ana kazi nzito kuliko wenzake wa miji mingine, kwa sababu inambidi akamate "euh" ya Kifaransa na "yaani" ya Kiswahili kinywani mwa mtu yuleyule, pengine katika sentensi moja.

Utaratibu wenyewe unajulikana duniani kote. Hotuba ni ya dakika 5 hadi 7. Ikifika ya 5 mtunza muda anainua kadi ya kijani, ya 6 kadi ya njano, ya 7 nyekundu. Mtathmini anapewa dakika 2 hadi 3. Mtindo huu ulitoka kwa Ralph Smedley, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi YMCA, ambaye tarehe 22 Oktoba 1924 aliwakusanya wanaume wa Santa Ana, California, katika kikundi kilichokuja kuzaa mtandao wa klabu za Toastmasters. Smedley aliamini kwamba mtu hujifunza kusema akisikilizwa na wenzake walio sawa naye, wanaohangaika na jambo lilelile. Hiyo "sawa naye" ndiyo inayonivutia, kwa sababu nchini Burundi watu wanaoketi pamoja ni nadra kuwa sawa. Yupo mkubwa na yupo mdogo, na kila mmoja anajua ni nani.

Jioni ninayotaka kuisimulia, msemaji alikuwa mwalimu mstaafu na mtathmini alikuwa mhasibu kijana, mwanamke ambaye mzee yule angeweza kumzaa.

Mwalimu alizungumza kwa Kiswahili juu ya Gatumba, mji mdogo ulio kwenye barabara ya kuelekea mpaka wa Kongo, ambako Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo zake na maelfu ya watu wakazikimbia nyumba zao. Alianza mbali: mto unakotoka, jinsi ziwa linavyopanda, mvua za mwaka ule na za miaka iliyofuata. Alisema kweli tupu, kwa utaratibu wa mtu aliyefundisha darasani maisha yake yote, na watu walimsikiliza kwa adabu. Kadi ya kijani ilipoinuliwa ndipo akamtaja mwanamume mmoja aliyemwona barabarani asubuhi moja ya mafuriko hayo, amebeba kichwani mlango wa nyumba yake. Nyumba imekwenda na maji, mlango ameung'oa. Mwalimu alilisema hilo kwa sentensi mbili, mikono imetulia, sauti imeshuka, kisha akarudi haraka kwenye takwimu kana kwamba amejisahau.

Wakati wote huo nilikuwa namtazama mhasibu. Karatasi yake aliigawa kwa mistari, kila dakika na nafasi yake, na hakuandika maoni hata moja. Aliandika maneno ya mwalimu kama yalivyotoka, hili dakika ya pili, lile dakika ya tano. Huo ni uamuzi mkubwa kuliko unavyoonekana. Anayeandika maoni yake wakati mwenzake anasema ameshaanza kujisikiliza mwenyewe. Anayeandika maneno ya mwenzake anachelewesha hukumu, na hotuba ikimalizika bado anayo yote mkononi, mazima.

Akasimama. "Mwalimu," akasema, "asante kwa kutupeleka Gatumba. Umetuonyesha mto unakotoka na ziwa linavyopanda, na wengi wetu tulikuwa hatujui." Akarudia mambo mawili kutoka sehemu ile ya mwanzo, kwa maneno yaleyale ya mzee, na nikamwona mzee akiinua kidevu kwa kutambua kwamba amesikika. Kisha: "Yule baba mwenye mlango, mimi nimemwona. Nimeketi hapa na nimemwona akipita. Naomba, siku nyingine utakapotusimulia, atangulie yeye, maji yaje nyuma yake." Akanyamaza kidogo. Akaongeza jambo moja tu, kwamba mwalimu alikuwa akiutazama zaidi upande wa dirisha, na wao wa upande wa ukuta walitamani kuonwa pia. Akashukuru, akaketi. Kadi nyekundu haikuguswa.

Hakusema kwamba sehemu ya mwanzo ilichosha, ingawa ilichosha. Alilitoa hilo kwa njia ya ombi, na ombi likabeba kipimo kamili cha kosa na dawa yake. Karatasi yake nilikuja kuiona baadaye, imejaa pande zote mbili. Yaliyobaki juu yake bila kusemwa yalinifundisha kuliko aliyoyasema.

Vitabu vya klabu hizi hufundisha kusifu kwanza, kukosoa katikati, kusifu tena mwishoni. Ni kanuni nzuri, lakini nimeisikia ikitumiwa vibaya mara nyingi mno: sifa isiyo na mahali, "umependeza, umejiamini", kisha rungu. Nchini Burundi ipo shule ya zamani zaidi. Ethel Albert, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya utafiti huko kati ya 1955 na 1957, alichapisha mwaka 1964 makala juu ya usemaji wa Warundi ambayo bado inasomwa. Aliona kwamba kikaoni mkubwa husema kwanza, wengine wakafuata kwa ngazi zao, na mdogo mwenye hoja tofauti huanza kwa kukubali: mkubwa amesema kweli, ana umri, ana hekima. Halafu, hatua kwa hatua, anaigeuza njia mpaka wote wajikute wamefika pengine. Albert aliandika pia kwamba vijana wa kiume wa koo za kitawala walifundishwa kusema tangu wakiwa na miaka kumi hivi. Wasichana hawakuwa na shule hiyo ya hotuba za hadharani. Wala Toastmasters hawakuwapokea wanawake rasmi mpaka 1973. Mhasibu wetu amerithi kwa pande zote mbili kitu ambacho hakuwekewa yeye.

Mwenyewe anasema alijifunza kwenye sherehe za mahari. Jumamosi, katika kumbi za Bujumbura, msemaji wa upande wa kijana husimama na kuomba kwa mzunguko mrefu, na ng'ombe hutajwa hata pale mahari inapotolewa kwa faranga. Msemaji wa upande wa binti hujibu, na ukumbi wote unamsubiri yeye. Lazima arudishe kila alichopelekewa, asidondoshe hata kimoja, huku akijifanya hajaelewa, akiuliza, akipandisha heshima ya binti na ya wageni kwa pamoja. Akisahau jambo moja la mwenzake, wazee wanatazamana. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa washairi wa Mombasa na Lamu enzi za Muyaka bin Haji, karne ya 19 ilipokuwa changa: wa kujibu alilipokea shairi la mpinzani kabla ya kulipindua. Na bashingantahe wa vilima vya Burundi, wazee wa kusuluhisha ambao Makubaliano ya Amani ya Arusha ya 28 Agosti 2000 yaliona haja ya kuwarudishia hadhi, sifa yao ya kwanza ilikuwa kusikiliza pande zote hadi mwisho kabla ya fimbo ya intahe kugonga ardhi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi katika klabu kama hii, namwambia aombe kutathmini mapema, kabla hajajiona mwepesi wa kuhutubia. Hotuba unaweza kuiandaa mwezi mzima. Jibu unaliandaa wakati mwenzako bado anasema.

Mwalimu alirudi kikao kingine na Gatumba ileile. Safari hii alianza barabarani, mtu na mlango wake kichwani, na aligeuza uso kwetu wa upande wa ukuta tangu sentensi ya kwanza. Mtathmini wa siku hiyo alikuwa mwanafunzi. Naye alianza kwa kuyarudisha maneno ya mzee, bila haraka, halafu akasema kwamba sasa yule baba amekuwa karibu sana nasi, na kwamba yeye, kwa dakika zote zilizofuata, alikuwa akingoja kuambiwa mlango ule ulikuwa unapelekwa wapi. Mwalimu akatoa kalamu mfukoni, akaandika.