Mayatima na Wazamiaji

Mhariri ninayemsimulia hapa haanzi kusoma mswada kwenye kichwa cha makala, wala kwenye ikisiri. Mswada ukisharudi kutoka kwa wapitiaji, huuchapa kwenye karatasi, akazichomoa kurasa za mwisho zenye Marejeleo na kuzitandaza upande wa kushoto wa meza. Kisha huusoma mswada wenyewe, penseli mkononi. Kila akikuta mabano yenye jina na mwaka, hulitafuta jina hilo kwenye orodha na kulitia alama ya vema. Akifika mwisho huwa na makundi mawili yasiyo na alama. Waliotajwa ndani ya makala lakini hawamo kwenye orodha huwaita mayatima. Walioorodheshwa bila kutajwa popote huwaita wazamiaji, kama wale wanaoingia harusini bila kadi. Mzamiaji hufutwa papo hapo. Yatima hutafutiwa wazazi, na hiyo si kazi ya dakika tano.

Siku moja nilimkuta ameganda kwenye “Massamba na wenzake (2003)”. Mimi ningepita. Yeye alikuwa anavijua vitabu vitatu vya sarufi vya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ambavyo wanafunzi huviita SAMIKISA, SAMAKISA na FOKISA. Cha kwanza, Sarufi Miundo, cha 1999, ni cha Massamba, Kihore na Hokororo. Cha tatu, Fonolojia, cha 2004, kinaanza pia na Massamba. Lakini cha katikati, Sarufi Maumbo, ndicho cha 2003, na jina linalotangulia humo ni la Kihore. Kwa hiyo mwandishi alikuwa amekosea jina au amekosea mwaka. Lipi? Mhariri aliirudia sentensi yenyewe. Ilizungumzia viambishi vya kitenzi, si sauti. Akaandika pembeni: “Kihore na wenzake (2003)? Tafadhali thibitisha.” Hakusahihisha kimyakimya, maana mswada si wake. Kinachonivutia ni kwamba ili kuliweka sawa jina moja ndani ya mabano ilimbidi aelewe makala inasema nini. Wanaoiita kazi hii ya kupanga nukta na koma hawajawahi kumtazama mtu anayeijua.

Majina ndiyo yanayomchelewesha zaidi. Mitindo mingi ya urejeleaji iliundwa na watu wenye majina ya ukoo: jina la mwisho hutangulia, la kwanza hufupishwa, basi. Mleteeni Shaaban Robert. Robert ni jina la baba yake, si la ukoo, na hapo zamani jina kamili lingesomwa Shaaban bin Robert. Katika tasnifu zetu utamkuta mara “Robert, S.”, mara “Shaaban, R.”, na nimewahi kuona yote mawili katika orodha moja, mshairi mmoja amegawanywa vipande viwili, kimoja kwenye R, kingine kwenye S. Jarida la mhariri wangu limekata shauri: Robert, S., na asiyetaka aandike barua. Kwenye M nako msongamano ni mkubwa, kwani Kamusi ya Visawe pekee ina akina Mohamed wawili, Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed, na herufi moja ikidondoka umemvisha mtu kazi ya mwenzake.

Kanuni yake nyingine ni kwamba kitu huitwa kwa jina la siku kilipochapishwa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ni ya TUKI, hata kama taasisi hiyo leo ni TATAKI. Jarida la Kiswahili lilianza kama taarifa za Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, baadaye likaitwa Swahili, ndipo likapata jina tunalolijua, huku namba za juzuu zikiendelea kuhesabiwa kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mwandishi akinukuu makala ya miaka ya sitini na kuandika Kiswahili kwa sababu ndilo jina alilolizoea, msomaji ataifuata rafu isiyo yake.

Utaratibu wa kutia jina na mwaka kwenye mabano si wetu kwa asili, ingawa majarida mengi ya Kiswahili huutumia. Anayetajwa kuuanzisha ni Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa Harvard, katika utafiti wake wa 1881 kuhusu mayai ya Limax campestris, konokono asiye na nyumba. Kabla ya hapo vyanzo vilijazana chini ya kurasa, kwenye tanbihi. Wanasaikolojia wa Marekani nao walichapisha mwongozo wao wa kwanza mwaka 1929, kurasa saba tu. Leo mwongozo huo ni kitabu kizima, na toleo lake la saba limeondoa mahali pa uchapishaji. Hapo mhariri wangu hakubali, nami niko upande wake. “Dar es Salaam: TUKI” haichukui hata nusu mstari, na humwambia msomaji wa Nairobi au Zanzibar ni mji gani aanzie kukitafuta kitabu kilichokwisha madukani miaka thelathini iliyopita.

Kuhusu programu za marejeleo hana ugomvi nazo. Zotero, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha George Mason mwaka 2006, humpangia alfabeti kwa kufumba na kufumbua. Ila ikiachwa peke yake hudhani dunia nzima inaandika Kiingereza: hutia “et al.” palipostahili “na wenzake”, “In” palipostahili “Katika”, na “Ed.” palipostahili “mh.” Yeye huipokea orodha ya mashine kama fundi apokeavyo nguo iliyokatwa na mwanagenzi: imekatwa, sasa ishonwe.

Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa na nukuu iliyoandikwa uk. 112, kutoka kwenye makala ambayo orodha ilisema iko kur. 61–78. Haiwezekani. Alimwandikia mwandishi, akajibiwa kwamba hivyo ndivyo ilivyo kwenye nakala yake. Tukaenda maktaba. Mkutubi alitutolea juzuu lililojalidiwa kwa kitambaa, na mhariri akafungua ukurasa wa 61, akashuka nao taratibu, kidole juu ya mistari, hadi akaikuta sentensi yenyewe. Ilikuwa ukurasa wa 70. Mwandishi, kwa dhana yetu, aliisoma katika kabrasha la vivuli vya makala, na mtu fulani alikuwa amezihesabu upya kurasa zake kwa kalamu, kuanzia moja. Mhariri alifuta 112, akaandika 70, akapuliza vumbi kwenye jalada na kulirudisha juzuu kaunta. Kisha akauliza kama makala iliyofuata, ya juzuu hilohilo, inaanzia kweli ukurasa wa 79.