Ngozi ya Kambale

Lokandu, ukingoni mwa mto Lualaba, mama anayeijua kazi yake hatupi kichwa cha kambale, wala hamchuni ngozi. Anampaka majivu, anashika kichwa kwa mkono mmoja na kuushusha mwingine taratibu hadi mkiani, utelezi wote utoke. Anapasua tumbo na kutoa matumbo bila kutoboa nyongo. Akishamwosha, anamkunja hadi mkia uguse mdomo, anamfunga kwa kijiti, samaki akawa duara.

Uchanja uko juu ya moto mdogo. Kinachotakiwa ni moshi. Mwali ukipanda anavuta kuni nyuma, moto ukififia anasogeza gogo moja tu. Kila mara anabonyeza mgongo wa samaki kwa kidole gumba. Ukibonyea, anamgeuza na kurudi kukaa.

Siku ya kupika anamloweka kidogo, halafu anamweka sufuriani na kichwa chake, mapezi na ngozi, moto wa polepole. Namuuliza, “Mama, mbona ngozi unaiacha?” Anajibu, “Utamu iko pale.” Anachovya kijiko, anasugua mchuzi kati ya vidole. Ukianza kunata, ndipo anaridhika.

Kunata huko ni kolajeni, protini ya ngozi, iliyofumuka. Kolajeni imesukwa kama kamba ya mvuvi, nyuzi tatu katika msokoto mmoja. Ndani ya kila uzi, kila asidi amino ya tatu ni glisini, ndogo kuliko zote, maana katikati ya msokoto hakuna nafasi ya kubwa zaidi. Moto hufumua nyuzi. Tumbo na utumbo huzikata.

Hapo umbo ndilo linaloamua. Vipande vingi hukatwa hadi asidi moja moja. Asidi amino iitwayo prolini, lakini, ina pete inayokaza uti wake, na vimeng’enya hupata shida kuikata. Ikishikana na hidroksiprolini, ambayo nayo ina pete, kipande hicho cha viungo viwili, yaani peptidi, huweza kubaki kizima. Udogo wake nao unakisaidia: utumbo mwembamba una mlango unaopitisha peptidi za viungo viwili au vitatu tu. Mwaka 2005 watafiti wa Japani waliikuta peptidi hiyo katika damu ya watu waliomeza jelatini iliyokatwakatwa. Baadaye, maabarani, seli za ngozi ya panya zilizopewa peptidi hiyo ziliongezeka. Seli za aina hiyo ndizo zinazosuka kolajeni, na kolajeni ikipungua uzeeni ngozi hukunjamana.

Sisemi kwamba mchuzi unarudisha ujana. Nasema mikono ile haikupoteza chochote, tangu majivu hadi sufuria.

Mwishoni anatia mawese, chumvi na pilipili, anafunika. Bugali iko tayari. Kichwa anawekewa koko, mzee wa nyumba, naye anakinyonya mfupa kwa mfupa, bila haraka. Nawe ukipata kambale wa moshi, mpike na ngozi yake, na maji yake usiyamwage.