Mzigo wa Kadiri

Fundi anachora mstari wa chaki kwenye flenji ya difu, pale propela inapofungwa. Difu imelazwa juu ya benchi la mbao hapa Mabanga, Bungoma. Imetoka kwenye Subaru iliyouzwa vipande vipande. Anashika upande wa kushoto usizunguke, wa kulia anauzungusha mara 2 kamili, polepole, kama mzee anayetafuta stesheni ya redio. Macho yako kwenye chaki. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Mstari unapita, unakaribia nusu ya mzunguko wa tano, unasimama.

"Kijana, hii si ndugu ya ile tuliyotoa," anasema. "Hii ni nne nukta nne. Giaboksi yako ni nne nukta moja."

"Haiwezi kuingia, mzee?"

"Kuingia itaingia. Kuishi ndiyo haitaishi."

Katika Subaru inayovuta kwa magurudumu yote, difu ya mbele hukaa ndani ya giaboksi, na ya nyuma sharti ilingane nayo. Meno 40 kwa 9 hutoa 4.444, meno 37 kwa 9 hutoa 4.111. Tofauti ni meno 3 tu, lakini kwenye lami kavu mbele na nyuma zingegombana kila mita, na ugomvi huo ungemalizikia kwenye difu ya katikati, kwa joto na harufu ya kuungua.

Kazi hii ya kuhesabu meno ndiyo ninayoisifu, maana wengi wetu tukisikia gari ina nguvu tunakimbilia kufunua boneti.

Kijana hakukata tamaa. "Basi tutafute na giaboksi ya nne nukta nne, zilingane. Si itaruka zaidi?"

Fundi akacheka. "Itaruka kutoka hapa hadi pale kwenye mhindi. Halafu?"

Hilo "halafu" lina elimu nzima. Uwiano huo wa meno ukiwa mkubwa, injini huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu. Gari huondoka kwa wepesi, ila gia huisha upesi. Injini ya kawaida huupenda wepesi huo. Ya turbo ina tabia yake. Mwaka 1905 Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hili: moshi unaotoka kwenye injini uzungushe feni, na feni hiyo iendeshe nyingine inayosukuma hewa ndani. Ni mivukuto ya mhunzi, ila hapa anayevukuta ni moto wenyewe. Moto ukiwa mdogo, mivukuto hulala. Na moto wa injini hukolezwa na mzigo. Gia ikiwa nyepesi mno, injini hufika mwisho wa mbio zake kabla turbo haijajaza kifua. Ikiwa nzito mno, injini huzama na kukokota, turbo ikiwa usingizini.

Tazama gia za Impreza WRX moja ya gia 5: ya pili ni 1.947, ya tatu 1.366. Ukibadilisha kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, sindano huangukia karibu 4,200, na turbo bado iko macho. Aliyezichagua namba hizo alikuwa akifikiria kile kitambo kifupi mguu unapokanyaga klachi, injini inapokosa kazi na pumzi ya turbo kuanza kupotea.

Huku kwetu hesabu ina mkono wa pili. Bungoma iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, Kitale karibu 1,900. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Turbo hufidia, lakini kabla haijaamka injini huvuta hewa ileile nyepesi kama zile zisizo na turbo. Ndiyo maana mtu anayepitia Webuye na Kamukuywa kwenda Kiminini huijua gia yake isiyofaa kabla hajafika.

Na hakuna gia moja inayofaa wote. Lori linalotoa miwa shambani wakati wa mvua kupeleka kiwanda cha Nzoia lahitaji difu ya kulinasua topeni. Lori kama hilo, injini ileile, likibeba mahindi kutoka Kitale hadi Nairobi kwa difu hiyo, litapiga kelele safari nzima na kunywa dizeli bure. Ndiyo maana fundi wetu, kabla ya kutaja namba yoyote, huuliza: unabeba nini, unapita wapi?

Kijana alijibu swali hilo kwa unyoofu: mama yake, magunia mawili ya mahindi, barabara ya Kitale kila mwisho wa mwezi. Siku ya tatu akarudi na difu nyingine mgongoni mwa bodaboda.

"Mulembe, mzee."

"Mulembe. Lete hapa."

Chaki ikachorwa tena. Upande mmoja ukashikwa, mwingine ukazungushwa mara 2. Moja, mbili, tatu, nne, kisha mstari ukasogea upana wa vidole viwili, ukatulia. Fundi akaukagua, akaufuta kwa kitambaa chenye grisi, akanyoosha mkono apewe spana.