Hesabu ya Kumezwa

Mwaka 2005 Huajian Gao, Wendong Shi na Ben Freund walichapisha hesabu ambayo kila nikiisoma navutiwa zaidi na walichokiacha. Walitaka kujua chembe ya nano ikigusa utando wa seli itamezwa au itabaki nje, na kama itamezwa, kwa muda gani. Seli halisi imejaa protini, mafuta ya kila aina na nyuzi zinazoushikilia utando kwa ndani. Wao wakabakiza vitu viwili: utando unaopindika, na vipokezi vinavyoelea humo. Freund alikuwa bingwa wa hesabu za nyufa zinazokimbia ndani ya vitu vigumu, na Gao alitokea kwenye utafiti wa metali; labda ndiyo maana hawakuona haya kupunguza.

Gharama ya kupinda waliichukua kwa Wolfgang Helfrich, mwanafizikia Mjerumani, aliyeandika fomula yake mwaka 1973. Kulifunika tufe zima la chembe kunagharimu nishati ileile, liwe dogo au kubwa: dogo linaupinda utando kwa ukali, lakini eneo lake ni finyu, na mambo hayo mawili yanafutana. Kwa utando wa kawaida, bei ni kama mara 500 ya nishati ya mtikisiko wa joto.

Wanaolipa ni vipokezi, kila kimoja kikishika uso wa chembe. Chembe ndogo mno haina uso wa kutosha kwa malipo yote, kwa hiyo ikiwa peke yake inakwama. Basi kubwa ndiyo ifaayo? Hapa ndipo utamu wa hesabu ulipo. Vipokezi havisafirishwi na mtu. Vinatangatanga mpaka vifike, mithili ya wageni wa harusi isiyotuma gari. Chembe kubwa inavihitaji vingi, vya karibu vinaisha, vya mbali vinachelewa. Inayomezwa haraka kuliko zote ni yenye nusu kipenyo cha nanomita 27 hadi 30.

Mwaka uliofuata, watafiti wa Toronto waliozipa seli za maabara ziitwazo HeLa chembe za dhahabu za ukubwa mbalimbali waliona kuwa zilizoingia kwa wingi zaidi ni za kipenyo cha nanomita 50. Sisemi jambo limethibitika. Chembe za patisiran, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, huokota kwenye damu protini iitwayo apolipoprotini E, na ni kupitia hiyo zinaingia seli za ini. Tufe safi la kwenye karatasi halina habari hiyo. Lakini kwa milinganyo michache, kuyakaribia vile matokeo ya maabara ni ufundi.

Wanaoiga utando kwa kompyuta nao wana upunguzaji wao. Katika modeli ya Martini, Siewert-Jan Marrink wa Groningen na wenzake hukusanya takriban atomi nne nzito kuwa ushanga mmoja, na molekuli nne za maji vilevile. Kila aina ya ushanga hulinganishwa na vipimo vya maabara: inapenda maji kiasi gani, mafuta kiasi gani. Kazi ya subira, na bado maji yao yaliganda kwenye joto la karibu na la chumbani! Wakaliandika tatizo hilo waziwazi, kisha wakashauri sehemu ya shanga za maji, kama asilimia 10, ibadilishwe kwa shanga nene kidogo, ili maji yasipate nafasi ya kujipanga kuwa barafu.