Yeronimo wa mezani na Kristu wa bustanini

Wafratri wengi wanapenda sanamu ya Mtakatifu Yeronimo, ile ambayo Albrecht Dürer wa Nürnberg aliichonga mwaka 1514. Mtakatifu anaandika, jua linaingia dirishani, simba na mbwa wamelala. Nasi tuliibandika juu ya meza yetu katika Seminari Kubwa. Lakini siku sala yetu ilipokauka, sanamu ile ilianza kutushitaki: chumba chake kimetulia, moyo wetu haukutulia. Tulifika hata kufikiri kwamba Mungu hakutuita.

Basi, ndugu wasomaji, tutazame kazi nyingine ya fundi yule yule, ya mwaka 1515: Bwana Yezu anasali katika bustani ya Mizeituni. Ni ndogo, kama sentimita 22 kwa 16. Safari hii Dürer hakuchonga shaba kwa mkono, kama alivyozoea. Alitwaa bamba la chuma, akalipaka dawa ya kulikinga, akachora juu yake. Kisha asidi ikala chuma pale alipochora. Sasa asidi haijui kunenepesha mstari na kuupunguza kama mkono wa fundi ujuavyo. Mistari inatoka karibu unene mmoja. Dürer mwenyewe alifanya sanamu sita tu kwa namna hiyo, akaiacha mwaka 1518.

Wengine husema ni mikwaruzo tu. Sisi hatukubali. Vazi la Bwana, mawingu, mti unaopigwa na upepo, vyote vimechorwa kwa mistari ya namna moja. Hakuna ukuta kati ya mwenye kusali na dhoruba. Malaika amekuja, na upepo haujanyamaza. Tusome vizuri Evanjili ya Luka: malaika anamtia Bwana nguvu kwanza, halafu ndipo uchungu unazidi na jasho linadondoka. Nao walalao hapa si simba na mbwa, ni mitume. Usingizi wao si amani hata kidogo.

Kosa lipo, tuliseme: mti ule unapiga kelele mno. Jicho linaukimbilia kabla ya kumfikia Bwana.

Yeronimo hatukumwondoa. Katika chumba chetu cha parokia yeye yuko juu ya meza. Bwana wa bustanini yuko chini zaidi, pale tunapopiga magoti.